Walichokunywa Kabla ya Kuja Kwangu

Mwezi jana nilirudisha ufunguo wa kabati la dawa, nikatia sahihi mahali nilipoonyeshwa, na kazi ikaisha hivyo. Vijana wa zahanati walinikatia keki wakaniomba niseme machache ya kuwaachia. Nilikuwa na keki mdomoni, nikasema asanteni tu. Nilipofika nyumbani Skuta, mtaani kwetu hapa Nyeri, nikajiona mjinga, kwa sababu liko jambo moja ambalo ningetaka sana wauguzi wachanga walijue, na sikulisema. Ndiyo maana nimeketi kuliandika. Vyeo na mishahara tuviache. Anayetaka habari za mshahara wangu amuulize mke wangu, yeye ndiye aliyeujua vizuri.

Jambo lenyewe ni jinsi ya kumfanya mtu akwambie ukweli kuhusu alichokunywa kabla hajafika kwako. Linaonekana dogo. Lakini kwa kutolijua nilikaribia kumpoteza mtoto wa watu, na kwa kulisahau nikampoteza mtu wangu mwenyewe.

Nilianzia zahanati ndogo upande wa Naro Moru, juu huko ambako maji ya bomba huuma vidole asubuhi. Nilikuwa kijana, koti langu jeupe limepigwa pasi hadi linataka kusimama lenyewe, na stethoskopu niliivaa shingoni hata nikienda choo. Mimi ni muuguzi, lakini tangu siku ile hadi nilipostaafu niliitwa daktari. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha watu. Baadaye nikachoka, na acha niseme ukweli, nilizoea.

Vifaa vilikuwa vichache. Tulikuwa na mizani ya kuning'iniza watoto, ile yenye suruali ya kitambaa ambayo kila mtoto aliikojolea, vipimajoto viwili, mashine ya presha yenye mpira unaovuja, na stovu ya mafuta ya taa ya kuchemshia vyombo. Halafu tulikuwa na Mama Wairimu. Kwenye karatasi alikuwa mhudumu, yaani wa kufagia na kupiga deki. Alikuwapo kabla yangu, na kabla ya muuguzi aliyenitangulia, na alituangalia sote kwa macho yale yale ya mtu anayengoja mvua ipite.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee mwenye kikohozi. Kabla hajaketi, chumba kilikuwa kimeshajaa harufu ya mubau, ule mti ambao watu huchemsha majani yake na kujifunika blanketi wavute mvuke. Shati lake lilinuka, kofia yake ilinuka. Nikamuuliza kama nilivyofundishwa chuoni, "Mzee, kuna dawa yoyote umetumia nyumbani?"

"Hapana, daktari. Hakuna kitu nimetumia."

Nikaandika: hakuna. Mama Wairimu alikuwa anapangusa dirisha. Alicheka kwa pua, akaendelea na dirisha lake.

Kwa mwaka mzima niliandika "hakuna". Watu walikuja na midomo imekauka kwa uchungu wa gome la muthiga, wakasema hawajatafuna kitu. Wamama walikuja na watoto waliopakwa shubiri kichwani, wakasema ni mafuta ya kawaida. Nilijua wananidanganya, nikakasirika. Nikachukua karatasi ya manila, nikaandika kwa herufi kubwa MFICHA MARADHI KIFO HUMFICHUA, nikaibandika ukutani pale benchi ya kungojea ilipo. Watu waliisoma vizuri, wengine wakausifu mwandiko, kisha wakaingia ndani wakanificha maradhi.

Leo nawaelewa. Muuguzi aliyenitangulia alikuwa akimfukuza mtu akisikia amekunywa mitishamba, ati arudi alikochemshiwa. Na wengi wao walikuwa vibarua wa mashambani, au wapagazi wa kubebea watalii mizigo mlimani, ambao kazi yao huja kwa msimu na njaa ni mwaka mzima. Mtoto akiugua kwa nyumba kama hiyo, kwanza ni sufuria, halafu ni maombi, halafu ndiyo mimi. Mti ulioota kwenye ua haukuambii uje kesho. Kwa hivyo ilikuwa lazima watumie, na ilikuwa lazima waseme hawajatumia, na mimi nilikuwa hapo na kalamu yangu nikiwasaidia kudanganya.

Sasa niwaambie kuhusu mtoto Nyaguthii.

Aliletwa asubuhi moja na mama yake, Wanja, pamoja na nyanya yake mzaa baba. Mtoto alikuwa na miaka mitatu hivi. Huku kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, kwa hivyo nyanya pia alikuwa Nyaguthii. Na si jina tu. Mtoto huyo huhesabiwa kuwa ni nyanya mwenyewe amerudi mdogo. Utasikia mama mzee akimwambia mjukuu "usinichafulie nguo yangu", na nguo ni ya mtoto.

Mtoto alikuwa amelegea. Alikuwa ametapika njia nzima, mikono baridi, na nikimwita jina anafungua macho kidogo tu na kuyafunga. Nikamuuliza Wanja, "Amekula nini? Amepewa dawa gani?"

Wanja akamtazama mama mkwe wake, kisha akatazama sakafu. "Hakuna, daktari. Alilala mzima."

Nikamgeukia nyanya. "Shosho, kuna kitu amekunywa?"

"Hapana. Labda ni baridi imemwingia."

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe ni la kitoto. Nilimuuliza mke wa mtu mbele ya mama mkwe wake. Hata kama Wanja angekuwa ameona kila kitu kwa macho yake, angewezaje kufungua mdomo na kumsema mama wa mume wake mbele ya mwanamume mgeni mwenye koti jeupe? Heri aseme hajui. Na nyanya naye, amwambie nini kijana ambaye ukutani kwake kumeandikwa habari za kifo?

Shingo ya mtoto nikaiona ngumu, au nilitaka kuiona ngumu. Nikaamua ni homa ya uti wa mgongo. Nikatayarisha sindano, nikatuma mtu barabarani atafute gari la kumpeleka hospitali kubwa. Moyoni nilijua nabahatisha, na ukibahatisha na mtoto wa miaka mitatu huna nafasi ya pili.

Mama Wairimu akaweka ndoo chini. "Daktari, nipatie dakika mbili," akasema. Hakungoja jibu. Akamshika nyanya mkono wakatoka, wakaketi kwenye jiwe kando ya tangi la maji, chini kabisa ya dirisha langu. Nilisikia kila neno.

"Nyaguthii," akamwambia, "mimi hata wangu wako na minyoo, wamenisumbua. Hizo mbegu za mugaita, wewe unasaga ama unachemsha tu nzima?"

Nikashangaa. Nani amesema minyoo? Nani amesema mugaita? Baadaye aliniambia aliona kucha za nyanya. Mtu akisaga zile mbegu, rangi yake hukaa kwenye kucha siku mbili.

Nyanya hakusita hata kidogo. "Unasaga kwanza. Ukichemsha nzima unapoteza. Halafu unaweka na supu, ndio isikuwe chungu sana."

"Na kikombe ni ngapi?"

"Mimi hukunywa moja, jioni."

"Na huyu mdogo?"

"Huyo si ni mimi? Nilimpatia kikombe yangu."

Alisema hivyo kwa utulivu kabisa. Hakuwa mtu mjinga. Mimea aliijua kunishinda, na akimpa mtoto mwingine yeyote angepima kwa kijiko. Lakini yule alikuwa Nyaguthii, na dawa ya Nyaguthii tangu zamani ilikuwa kikombe kimoja kizima.

Niliweka ile sindano chini. Mtoto mdogo aliyelemewa na dawa kali, akatapika usiku kucha na tumbo tupu, kitu cha kwanza kumwishia ni sukari mwilini. Nilimpa ya mshipani, nikampasha joto kwa blanketi na chupa za maji ya moto, na kabla gari halijapatikana alikuwa amefungua macho akilia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto namna ile. Ningemtuma barabarani bila ile sukari, sidhani kama angefika. Nilimwandikia barua ya hospitali, na safari hii mahali pa dawa za nyumbani nikaandika mstari mzima.

Walipoondoka nilitaka kungoja nyanya arudi nimgombeze. Hasira ilikuwa imenijaa, hasira ya mtu aliyeogopa. Mama Wairimu alikuwa anapiga deki mahali mtoto alipotapika. "Mgombeze," akasema bila kuinua kichwa. "Halafu hutasikia ukweli kwa hii kijiji mpaka uende pensheni."

"Sasa nifanye nini?"

"Wewe unauliza watu kama askari. Umekunywa? Hujakunywa? Mtu akiulizwa hivyo anakataa, hata kama ni maji. Muulize vile anapika. Hakuna mama hapa atakataa kukufundisha kupika."

Somo langu lote la kazi ni hilo. Chuo nilikaa miaka, na kitu kilichonisaidia zaidi nilikipata kwa mtu mwenye ufagio.

Nyanya Nyaguthii alirudi baada ya wiki mbili na mtoto mgongoni, mzima, ananyonya mua. Sikumgombeza. Nilimuomba anionyeshe mugaita. Akanitazama kuona kama namchezea, kisha akasema nitoe viatu vile vya kung'aa nivae gambuti. Tulizunguka ukingo wa msitu hadi saa sita. Akanionyesha mukawa, ambao mizizi yake huingia kwenye supu ya wazee wenye viungo vinavyouma. Akanionyesha mucatha wa tumbo, na thabai, ule upupu wa kupikwa na viazi mtu akipungukiwa na damu. Nilinunua daftari la shule, nikawa nabandika majani kwa selotepu, chini yake naandika jina, sehemu inayotumika, na nani aliniambia. Ile karatasi ya manila niliibandua, nikalifunikia daftari.

Tangu hapo nikawa nauliza kwa upole, mtu akishaketi, "Hii homa nyinyi kwenu mnaichemshia nini?" Na mtu ananyooka kwenye kiti ananieleza. Nilijua nani anachanganya dawa ya sukari na majani machungu hadi anaanguka shambani, nikampunguzia moja. Nilijua mjamzito gani amepewa mizizi isiyomfaa, nikamwomba aiweke hadi ajifungue. Mengine niliacha kama yalivyo. Mubau na mafua, asali na ndimu, supu ya mifupa, nani alikufa kwa hayo? Wengine walipona, nami nikaandika kwamba walipona kwa vidonge vyangu.

Miaka ya karibuni mambo yamebadilika, na hili mlijue. Daftari langu halisaidii tena sana. Siku hizi mtu anakuja ametoka Kenol au soko lingine la barabarani, amenunua unga kwenye chupa kutoka kwa gari lenye spika, unga wa kutibu kila kitu kutoka presha hadi mkosi. Ukimuuliza unapikwaje, naye pia hajui. Nyanya Nyaguthii angeweza kukosea kipimo, lakini mti aliujua. Nilipokuwa nawaambia vijana hivyo walicheka wakasema daktari amekuwa mganga. Sikukasirika, hata mimi ningecheka.

Kwa hivyo nilikuwa na sifa yangu. Kila nilipofanya kazi, Naro Moru, baadaye karibu na mji wa Nyeri, walinitumia wagonjwa wagumu kusema. Ati mpelekeeni yule, atamfungua. Nilijivuna, na sababu nilikuwa nayo.

Sasa nifike kwa mama yangu.

Mama alikaa peke yake nyumbani kwetu mashambani baada ya baba kufa, na alikuwa na presha. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nilimpelekea vidonge vya mwezi mzima, kimoja kila siku. Niliingia na mfuko wa dawa na mashine ya presha, na hata chai sijanywa, nishamfunga mkono. Presha ikawa juu. Mwezi uliofuata juu. Mwezi wa tatu juu zaidi.

"Mama, unameza dawa?"

"Nameza."

"Kila siku?"

"Kwani kila siku ni nini? Nimesema nameza."

Niliomba maganda, akanipa. Matupu yote. Nikasema basi ni chumvi. Nikamfungia chumvi kwenye kabati la juu, nikamkataza mafuta, nikamkataza nyama ya shingo aliyoipenda. Alicheka akasema amezaa askari jela. Nikampeleka kwa daktari, daktari halisi, akaongeza dawa. Kwenye jiko kulikuwa na sufuria ndogo nyeusi yenye kifuniko, na harufu yake niliijua kabisa.

"Mama, unakunywa mitishamba?"

"La."

Na mimi, ambaye watu walipanda boda kutoka mbali waje niwaulize vizuri, nikafunga mfuko wangu. Nilikuwa na haraka. Nilikuwa na hakika pia kwamba hilo la "la" nitalishughulikia Jumamosi nyingine, kwa sababu ni mama yangu, hawezi kuniponyoka kama mgonjwa.

Kiharusi kilimpata siku ya Jumatano, akiwa anawapa kuku mahindi. Alikaa hospitalini siku tano bila kusema neno, akaenda.

Wiki moja baada ya mazishi nilirudi kukusanya vitu vyake. Jirani yetu, Mama Kariuki, alikuja na chupa ya chai. Yeye na mama walikuwa rika moja, waliolewa mwaka mmoja, na shambani mwake hakukuwa na kitu zaidi ya migomba minne na mbuzi. Tulikunywa. Kisha akafuta mikono kwenye leso akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu, sijapata nafasi ya kukushukuru," akasema. "Kwa zile dawa."

"Dawa gani, mama?"

"Za presha. Zile ulikuwa unanitumia na mama yako. Aliniambia, huyu kijana wangu amesema mtagawana, wewe leo, mimi kesho, na ile siku si yako unakunywa ya kuchemsha. Kila mwezi. Alisema hukutaka ijulikane, ndio sikukuambia. Watoto wangu wenyewe hawajawahi kunifikiria hivyo."

Niliweka kikombe chini. Nilimtazama, ana afya yake, macho yamejaa machozi ya shukrani. Mama yangu alikuwa ameugawa mwili wake nusu kwa nusu na rafiki yake, na aliogopa nini kuniambia? Aliniogopa mimi. Angeniambia, ningepandisha sauti. Ningesema habari za kipimo na maagizo ya daktari. Ningemkataza. Kumbe ningeweza pia kuleta za watu wawili, ni kitu kidogo tu, lakini yeye alimfahamu mtoto wake kwa jinsi alivyoingia mlangoni na ile mashine.

Na akamwambia rafiki yake kwamba mtoto wake ni mwema, ndiye aliyesema wagawane.

"Nilikuwa naomba Mungu akuzidishie," Mama Kariuki akasema. "Sasa sijui itakuwa aje."

Nilitaka kumwambia ukweli. Nikautazama ule uso, nikasema, "Itaendelea, mama."

Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliofuata nilipanda kwa Mama Kariuki na vidonge vya mwezi mzima, kimoja kila siku, na mashine ya presha nikaiacha kwenye gari hadi tulipomaliza chai.